Shanga 24, moja kila usiku

Duka langu liko Moshi mjini, si mbali na stendi. Nauza uzi, zipu, vifungo, lastiki, sindano za mkono na za cherehani, na kwenye kabati la kioo, rafu ya chini kabisa, nauza shanga. Mafundi cherehani ndio wanaoniweka mjini mwaka mzima. Lakini ikifika katikati ya Novemba huanza kuingia watu wengine: mama aliyemshika mtoto mkono, binti wa sekondari aliyefunga shule, kijana anayetaka kumpelekea mama yake kitu alichokitengeneza mwenyewe. Wote huchuchumaa mbele ya rafu ile ya chini, na mimi hutoka nyuma ya kaunta nikachuchumaa nao. Naipenda saa hiyo kuliko zote dukani.

Leo nataka kuandika juu ya bangili niliyowatengenezea watoto wa kaka yangu Krismasi iliyopita, yaani Desemba ya 2024. Wateja wawili watatu wameniomba niwaelekeze, na kila nikieleza kwa mdomo nasahau kitu.

Ilianza na simu ya wifi. Wao wanaishi Dar es Salaam, na kama walivyo watu wengi wa kwetu, Desemba hupanda basi wakaja nyumbani Kibosho. Watoto wanaijua safari hiyo kuliko wanavyoijua siku ya kuzaliwa kwao. Sasa wifi ananiambia, "Wifi, huyu binti yako kila jioni ananiuliza zimebaki siku ngapi. Nikimjibu, baada ya dakika kumi mdogo wake naye anakuja kuuliza hilo hilo. Mpaka Desemba iingie nitakuwa sina sauti."

Binti mwenyewe alikuwa na miaka tisa, mdogo wake sita. Nilimwelewa wifi, lakini niliwaelewa watoto zaidi. Nakumbuka nikiwa na umri huo siku za Desemba zilivyokuwa hazisogei. Mtoto akiambiwa "zimebaki siku kumi na tisa" unakuwa umempa neno tu. Hawezi kulishika, hawezi kuona kwamba jana lilikuwa kubwa na leo limepungua.

Nikachukua kalenda. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio, kile kipindi cha kuisubiri Krismasi, iliangukia tarehe 1 Desemba yenyewe. Haiwi hivyo kila mwaka; mara nyingi Majilio huanza Novemba bado haijaisha. Kutoka tarehe 1 mpaka mkesha wa Krismasi ni siku 24 kamili. Macho yangu yakashuka kwenye kopo la shanga za milimita 6, nikapiga hesabu kwenye upande wa nyuma wa risiti: 24 mara 6 ni milimita 144, sentimita 14 na nukta nne. Nikampigia wifi tena. "Mpime mkono kwa uzi, pale kwenye kifundo, kisha uulaze uzi kwenye rula." Akaniambia sentimita 13.

Anayetengeneza bangili za mpira anajua kwa nini nilisimama pale pale dukani nikacheka. Mkono wa sentimita 13 unahitaji bangili ya kama 14 na nusu ili isibane wala isichezecheze. Siku za Majilio zilikuwa zimeenea mkononi mwa mtoto.

Rangi sikuzitafuta mbali. Kwenye shada la Majilio kanisani kuna mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, na ule wa waridi huwashwa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha. Kwa hiyo siku za kawaida nilizipa ushanga wa zambarau iliyokolea, usiopitisha mwanga. Jumapili, yaani namba 1, 8 na 22, nikazipa zambarau ya kioo, ile ambayo ukiishika dirishani unaona kidole chako upande wa pili. Namba 15 ikawa waridi. Namba 24 ikawa dhahabu.

Zile za kioo sikuwa nazo dukani. Nilizipata soko la Memorial, kwenye mitumba, ndani ya fungu la mikufu iliyokatika. Hili nalisema kwa kila mtu anayelalamika kwamba shanga nzuri ni ghali: pitia mafungu ya mapambo ya mitumba. Kidani kilichokatika hakina mnunuzi, kwa hiyo bei yake ni ndogo sana, na ndani yake mara nyingi kuna kioo kizuri kuliko kile tunacholetewa kwenye pakiti. Mkufu niliouchukua niliuloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nikausugua kwa mswaki mzee, na asubuhi ule uchafu wa miaka ukawa umeondoka. Kilikuwa cha mtu fulani mahali fulani, sijui ni nani. Nafurahi kwamba hakikuishia jalalani.

Nikaandaa bahasha mbili za kaki. Ndani ya kila moja, shanga 24 nilizoziviringisha kwenye karatasi kwa mpangilio wake, kipande cha mpira mwembamba wa kutungia cha sentimita 30, na kibanio cha nguo kimeuma ncha moja ya mpira ili ushanga usidondoke. Nikaandika kwa kalamu nene: *Moja kila usiku, baada ya sala. Usiruke, usiongeze.* Nikazipeleka kwa wakala wa vifurushi stendi. Kesho yake wifi alikuwa nazo mkononi.

Usiku wa tatu yule wa miaka sita alitunga tano kwa mpigo, kwa matumaini kwamba Krismasi itawahi. Wifi alikaa naye sakafuni wakazitoa mbili zilizozidi... hapana, naandika vibaya, zilikuwa zimezidi zote isipokuwa moja. Wakatoa nne, moja moja, na kila moja akairudisha mwenyewe kwenye karatasi. Wifi anasema alilia kidogo. Baada ya usiku huo hakuongeza tena, na hakuuliza tena zimebaki ngapi. Alikuwa akifungua karatasi, anazihesabu zilizobaki kwa kidole, anaifunga.

Waliposhuka stendi, tarehe 18, binti alikuwa amejizungushia uzi wake kwenye kidole cha shahada, kibanio cha manjano kikining'inia. Shanga 17. Hakuwa ameutia kwenye begi safari nzima. "Shangazi," akaniambia kabla hata ya kunisalimu, "ya leo bado, ni mpaka usiku." Nikamwambia marahaba mwanangu, wala hakuwa amesema shikamoo.

Kuna neno ambalo nalifikiria nikiwa nafanya kazi hii. Shanga zinatungwa, na mashairi yanatungwa. Samaki nao hutungwa, ndiyo maana tunasema utungo wa samaki. Babu zetu waliona kwamba ni kazi moja: una vitu vilivyotawanyika, una kitu kimoja chembamba kinachopita katikati ya vyote, na mpangilio ndio wako. Mtoto anayetunga ushanga mmoja kwa usiku anatunga mwezi mzima.

Niliyejifunza kwake ni bibi yangu mzaa baba. Hakutengeneza mapambo hata siku moja. Alikuwa anatengeneza rozari za majirani zilizokatika. Walikuwa wanamletea zimefungwa kwenye leso, nyingine zimepungua, na yeye alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa shanga za rozari za zamani. Aliniweka mbele ya ungo uliotandikwa kitambaa, akaniambia nihesabu. Rozari kamili ni shanga 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Nikikosea aliniambia nianze upya, kwa upole, lakini alinianzisha upya. Alikuwa akitumia mshipi wa kuvulia samaki, na alikuwa na fundo lake ambalo sikuwahi kuona limefumuka.

Ningelikumbuka fundo lile siku ya mkesha mambo yangekuwa mengine.

Mkesha ule nyumbani kulikuwa na kazi nyingi. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, mama alikuwa anataka mtori uwekwe jikoni, wageni walikuwa wanaingia. Baada ya sala, binti akatunga ule wa dhahabu mbele ya watu wote, chumba kikanyamaza, kisha akaniletea nifunge. Nilifunga fundo moja la kawaida, nikavuta, nikakata ncha, nikarudi jikoni. Sikuuvuta mpira kwanza kuulainisha. Sikupitisha kidole kwenye matundu ya zile shanga za kioo kuona kama yana makali. Na nilijua. Miaka kumi na moja nauza vitu hivi.

Asubuhi ya Krismasi, kanisani, katikati ya mahubiri, nikasikia mlio ninaoujua. Ushanga wa kioo ukidondoka kwenye sakafu ya saruji una mlio wake, halafu kuna ule wa kuviringika. Bangili ilikuwa imekatika. Binti alibaki ameinua mkono, hakutoa sauti, machozi yanamtoka tu.

Kilichofuata sitakisahau. Mzee aliyekuwa mbele yetu alisogeza kiatu akazuia mbili. Mama mwenye mtoto mgongoni akainama taratibu, akaokota moja, akampa aliyekuwa nyuma yake. Zikaanza kurudi, mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, na hakuna aliyegeuka kutushangaa. Padre aliendelea kuhubiri. Mpaka tunasimama kwa Nasadiki nilikuwa na shanga 18 kwenye leso yangu, na baada ya Misa watoto wa kipaimara wakatuletea tatu walizozikuta karibu na mlango. Jumla 21. Ya waridi ilikuwemo. Ya dhahabu ilikuwemo. Tatu za zambarau ya kawaida hazikuonekana.

Nilitaka kumpa nyingine tatu, kopo liko dukani. Akakataa. Akasema hizo siku tatu zimebaki kanisani, basi. Lakini 21 mara 6 ni sentimita 12 na nukta sita, ingembana. Tukakubaliana kuweka shanga ndogo za dhahabu, namba 8, katika nafasi saba. Kila moja ina unene wa karibu milimita 2, kwa hiyo tukarudi karibu na pale pale. Akachagua mwenyewe mahali pa kuziweka. Safari hii nilifunga fundo la bibi.

Fundo lenyewe ni hivi. Kabla ya yote, uvute mpira wako taratibu mara nne tano, uachie, ili ulegee sasa na si ukishavaliwa. Ukishatunga, pishanisha ncha mbili kama unayefunga kamba ya kiatu, lakini zungusha mara mbili badala ya moja, ndipo uvute. Kisha rudia upande wa pili, zungusha mara mbili tena, uvute mpaka shanga za pembeni zigusane. Weka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya fundo. Acha likauke robo saa nzima, usiwe na haraka. Ukishakata ncha, bakisha milimita mbili tatu, na uvute bangili fundo liingie ndani ya tundu la ushanga wa karibu. Bibi hakuwa na rangi ya kucha. Yeye alichoma ncha ya mshipi kwa kiberiti ikayeyuka ikawa kichwa. Mpira usiuchome, utaungua wote.

Makali ya tundu nayo yana sababu. Shanga nyingi ndogo za kioo huanza kama mrija mrefu mwembamba, unavutwa kioo kikiwa bado cha moto, halafu unakatwakatwa vipande, na vipande vinapashwa moto tena ili kingo zilainike. Kipande kisipolainika vizuri kinabaki na ukingo kama wembe. Ndiyo maana ukinunua shanga zimwage kwenye kitambaa cheupe, zile zilizokatwa upande au zilizo nyembamba mno zitoe. Katika kijiko kimoja cha chai utatoa labda kumi. Usizionee huruma.

Nimetaja namba 8, ngoja nieleze, maana huwa inawachanganya wateja. Namba ikipanda, ushanga unapungua. Namba 11 ni kama milimita 2, namba 8 ni kama milimita 3 kwa upana, namba 6 ni kama 4. Kwa mtoto anayeanza nampa namba 6, sindano anaiona na tundu analiona. Namba 11 ni za mikono iliyotulia na mchana wenye jua.

Shanga ndogo bora ninazouza zinatoka Ucheki, kule kwenye milima karibu na mji wa Jablonec nad Nisou, ambako wamekuwa wakitengeneza shanga za kioo kwa vizazi vingi. Mama wa Kimasai wanaokuja dukani kutoka upande wa Siha wanazijua kwa kuzisugua tu baina ya vidole viwili. Wananifundisha. Mmoja alinionyesha kwamba nyekundu haiwi nyekundu mpaka uiwekee nyeupe jirani, na kweli, tangu siku ile sijawahi kuziweka nyekundu na kijani bega kwa bega bila ushanga mweupe katikati. Mpangilio wa mapambo yao siuigi, ule una wenyewe na una maana zake. Lakini jicho lile la kuweka rangi nimelipokea kwa shukrani.

Kilichonifurahisha zaidi nilikijua baadaye. Kwenye nchi hiyo hiyo ya Ucheki kuna kijiji kinaitwa Poniklá, ambako wanapuliza kioo ndani ya kalibu kikatoka kama mkufu wa shanga nyepesi zilizoungana, wanatia rangi ya fedha ndani, wanazikata, halafu wanazitunga kwenye waya kuwa nyota na maumbo mengine ya kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi. Mwaka 2020 UNESCO waliiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa hiyo shanga zilizoko kwenye rafu yangu ya chini zina ndugu zao ambao kazi yao yote ni Krismasi. Nilipojua hivyo niliacha kabisa kuona kama nalazimisha mambo kuweka shanga na Noeli pamoja.

Na huku kwetu nako shanga zina historia ndefu. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilibeba shanga kama fedha ya njiani. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, aliandika majina ya aina nyingi zilizotakiwa na watu wa kila sehemu. Moja iliitwa samesame, nyekundu juu na nyeupe ndani. Nimewahi kuzipata chache, kubwa kiasi, nikazikata kwenye mkufu wa mitumba. Ukiitazama kwenye tundu unaona ule moyo mweupe. Ni Krismasi tupu, ushanga mmoja tu.

Sasa hereni, ambazo binti za sekondari ndizo wanazozitaka. Ninazowafundisha ni mti mdogo wa waya, na mtu akikaa kwa utulivu anamaliza jozi kwa saa moja. Unahitaji waya mwembamba wa shaba, vipande viwili vya sentimita 40, shanga namba 8 za kijani 28, za dhahabu mbili, za kahawia mbili, na ndoana mbili za hereni. Tia ushanga wa dhahabu katikati ya waya, huo ndio ncha ya mti. Kisha tia kijani mbili kwenye mkono mmoja wa waya, na mkono wa pili uupitishe ndani ya shanga hizo hizo ukitokea upande wa pili, waya zipishane humo ndani. Vuta. Safu inayofuata tatu, halafu nne, halafu tano. Mwishoni kahawia moja kwa shina, sokota, kata, na ncha uzigeuzie ndani zisichome shingo. Ukivuta kwa nguvu sana waya unakatika kwenye safu ya nne, karibu kila mtu inamtokea mara ya kwanza. Vuta mpaka shanga zitulie, basi. Ndoana inapita kwenye waya pale juu, kando ya ule wa dhahabu.

Nimetengeneza miti hiyo mingi. Lakini Krismasi ile ile ya 2024 nilikaa usiku mmoja natazama dirishani, nikajiuliza mti ule wa pembetatu unafanana na mti gani wa kwetu. Tawi la msaiprasi tunaloliweka sebuleni halina hata umbo hilo. Jani ninaloliona kila nikifungua mlango Kibosho ni isale. Limepandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, limepandwa kwenye makaburi ya wazee wetu. Na kila Mchagga anajua lina kazi gani nyingine: ukiwa umemkosea mtu, au mmekoseana, unampelekea isale. Akishalipokea, amesamehe. Wazee wanasema ukiletewa isale huwezi kulikataa.

Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa hatuzungumzi. Yalitoka maneno kwenye msiba wa baba, mengine yakiwa yangu, na mwaka ukapita, na wa pili ukawa unaelekea kwisha. Tulikuwa tunapishana kwenye ua wa mama tukisalimiana kama watu wa ofisi mbalimbali.

Nikatunga jani. Njia ni ile ile ya waya, ila safu zake ni moja, mbili, tatu, tatu, tatu, mbili, moja. Jumla 15. Nilitumia kijani cha aina mbili, iliyokolea pembeni na nyepesi katikati, kwa sababu jani la isale likipigwa na jua la asubuhi lina mstari ule wa kati. Kijani chenyewe kilinisumbua. Kile cha kwanza kilikuwa cha chupa, kikaonekana kama jani la plastiki, nikafumua yote. Nikachukua namba 11 badala ya namba 8 ili liwe jembamba, na kwa kuwa ni dogo nikaongeza safu tano za tatu tatu katikati, likarefuka. Nilimaliza saa saba usiku.

Siku ya Krismasi, baada ya Misa, baada ya ile habari ya shanga kumwagika, dada alikuwa jikoni anapanga sahani. Nikampa kiboksi cha kiberiti, ndani yake hereni. Akafungua. Akazishika kwenye mwanga muda mrefu. Hakuniuliza ni nini. Akavua alizokuwa amevaa, za dhahabu, alizopewa na mumewe, akavaa zile. Kisha akaniambia, "Nisaidie hizi sahani, watu wana njaa."

Tangu hapo nimezitengeneza jozi kumi na kitu kwa watu walioniomba, na siwaulizi za nini.

Mambo machache kabla sijasahau. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu usimpe shanga wala usimvalishe, zinapita kooni haraka kuliko unavyoweza kukimbia. Mdogo kabisa wa kwetu nilimshonea nyota ya kitambaa. Na zile mbegu nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, ambazo watoto huziokota porini na kuna watu wanaozitoboa kutungia mikufu, ziacheni kabisa. Nzima zinaonekana hazina neno, lakini ikitafunwa au ikitobolewa ina sumu inayoua. Najua ni nzuri na zina rangi ya Krismasi hasa. Ziacheni. Jingine: tandika taulo au kipande cha blanketi kwenye sinia kabla ya kumwaga shanga zako. Kwenye meza tupu utatumia nusu ya muda ukiwa chini ya meza.

Naandika haya Novemba 2025, bahasha ziko mbele yangu kwenye kaunta. Mwaka huu Jumapili ya kwanza ya Majilio ni tarehe 30 Novemba, na ile ya waridi itakuwa tarehe 14 Desemba. Ukihesabu kutoka 30 mpaka mkesha unapata siku 25. Juzi nilimpigia wifi nikamwomba ampime binti mkono upya. Akanipigia baada ya muda kidogo, rula mkononi: sentimita 13 na nusu. Ongeza moja na nusu ya nafasi, ni 15.

Shanga 25 za milimita 6 ni sentimita 15 kamili. Nimeshazihesabu mara mbili kwenye ungo wa bibi, na kesho asubuhi zinapanda basi.